Kabla ya kuuliza kocha amefunza nani, uliza analipwa na nani

MNAMO Oktoba 23, 2025, Kitengo cha Uadilifu katika Riadha (AIU) kilitangaza kwamba Ruth Chepng'etich, mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, amepigwa marufuku ya miaka mitatu. Sampuli aliyotoa Machi 14 mwaka huo ilikuwa na hydrochlorothiazide, dawa ya kuongeza mkojo ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu, na ambayo imeharamishwa michezoni kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine mwilini. Kiwango kilichopatikana kilikuwa nanogramu 3,800 kwa kila mililita, ilhali kiwango cha kuripotiwa ni 20. Bingwa huyo alieleza kwamba alipougua alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Alikiri kosa na kukubali adhabu. Rekodi yake ya saa 2:09:56, aliyoiweka Chicago mnamo Oktoba 2024, haikuguswa na uamuzi huo kwa kuwa ilitangulia sampuli yenyewe.

Si nia yangu kuifufua kesi iliyokwisha kuamuliwa. Ila katika mijadala iliyofuata, redioni na vijiweni, Wakenya walizungumzia tembe tu. Ni wachache waliozungumzia kanuni iliyo nyuma ya tembe, nayo ni hii: mwanariadha anawajibika kwa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake, kiwe kimeingia kwa mkono wa daktari, wa mke, wa mume, wa rafiki au wa kocha. Wengine wote wanaweza kuwa walimshauri, walimpikia, walimchoma sindano. Anayepanda kizimbani kwanza ni yeye, na mara nyingi hupanda peke yake.

Ikiwa sheria ndiyo hiyo, basi uamuzi wa nani akae karibu na mkimbiaji ni mzito kuliko uamuzi wa viatu, kambi au mashindano ya kwanza ya ng'ambo. Na wa kwanza kukaa karibu ni kocha. Ajabu ni kwamba katika nchi hii, ambayo imewatoa mabingwa wengi wa masafa marefu kuliko nchi nyingine yoyote, uamuzi huo ndio unaofanywa kwa haraka kuliko yote.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Mji huo uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Kila Alhamisi asubuhi wakimbiaji hukusanyika kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, yale wanayoyaita fatleki. Hakuna ada wala mlinzi. Bingwa wa dunia hukimbia bega kwa bega na kijana aliyeshuka matatu jana yake kutoka Baringo, Pokot au Mlima Elgon, akiwa na mkoba mmoja na viatu vya kuazima. Kwa muda wa saa moja hivi wote ni sawa, na uwazi huo ndio fahari ya riadha yetu.

Mazoezi yakiisha, usawa nao huisha. Bingwa huondoka na kundi lake, ambalo lina kocha, meneja, msingaji na dereva. Kijana hubaki barabarani. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye saa ya kupimia mikononi, labda na pikipiki, labda na fulana ya kampuni ya viatu aliyopewa na mgeni fulani miaka kumi iliyopita. Humwambia kijana kwamba amemwona, kwamba ana kipaji, na kwamba anamjua wakala. Kijana hana chumba, hana chakula cha wiki ijayo, hana mtu mwingine aliyemwita kwa jina tangu afike. Huyo ndiye anayekuwa kocha wake. Hakuchaguliwa, alitangulia tu kufika.

Wengine kati ya watu hao ni waungwana, tena wakimbiaji wa zamani wanaoujua mchezo kwa miguu yao wenyewe. Wengine ni madalali wanaosubiri kipaji kama wanavyosubiri ploti. Kijana hana njia ya kuwatofautisha, kwa maana wote wana saa, wote wana maneno, na wote humtaja bingwa mmoja ambaye wanadai walimwanza. Katika dawati la uhariri nimeshalifuta neno "mashuhuri" mbele ya neno "kocha" mara nyingi kiasi cha kuchoka. Nikimuuliza mwandishi huyo kocha ni mashuhuri kwa nani, hujibiwa kwamba ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe.

Lakini tukiwatazama makocha ambao hakuna anayebisha ubora wao, tunaona jambo ambalo halizungumzwi sana. Chukua mfano wa Patrick Sang. Alikuwa mshindi wa medali ya fedha ya mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na alisomea chuo kikuu cha Texas, mjini Austin. Aliporudi Nandi, kijana mmoja jirani kwa jina Eliud Kipchoge, mwana wa mwalimu wa shule ya chekechea, alimwendea akiomba programu ya mazoezi. Sang alimpa ya siku chache. Kijana akaenda, akaifanya yote, akarudi kuomba nyingine. Hali iliendelea hivyo kwa miezi kabla ya mkufunzi kuuliza jina lake na rekodi yake.

Kisa hiki hurudiwa mara nyingi kama sifa ya bidii ya Kipchoge, na ni haki yake. Mimi nakisoma pia kutoka upande wa pili. Katika miezi hiyo yote mkufunzi hakuwa na mkataba na kijana, hakumtafutia mbio, hakutaja fungu lake. Alitoa kazi, akangoja kuona kama kazi itafanywa. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, kijana huyo alishinda dhahabu ya dunia ya mita 5,000 jijini Paris. Mwaka 2012 alipokosa nafasi katika kikosi cha Olimpiki ya London, wawili hao hawakutengana kwa lawama, walihamia marathoni. Dhahabu za Rio na Tokyo, saa 2:01:09 za Berlin mwaka 2022, na mbio za Vienna za mwaka 2019 zilizomalizika kwa saa 1:59:40 zilitokana na uhusiano ulioanza kwa karatasi ya mazoezi isiyolipiwa. Isitoshe, katika kambi ya Kaptagat kocha hubaki kocha. Mikataba na mashindano hushughulikiwa na kampuni ya usimamizi, misuli hushughulikiwa na mtaalamu wa misuli.

Mfano wa pili ni Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland aliyekuja Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St Patrick's. Hakuwa na cheti cha ukufunzi wa riadha, na hajapata kuficha jambo hilo. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia. Mikononi mwake wamepita mabingwa wengi, akiwemo David Rudisha, aliyeshinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91. Wengi wanaoutafuta ukufunzi bora huuliza kuhusu vyeti, na hapa cheti hakikuwepo. Kulikuwa na nini? Kulikuwa na mtu wa shirika la kidini, mwalimu, ambaye chakula chake hakikutegemea mshindi wa Jumapili. Kijana akivunjika mguu, Bruda hakupoteza kodi ya nyumba. Kwa hiyo angeweza kumwambia kijana apumzike, na alimwambia.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Tunapomtafuta kocha tunauliza amefunza mabingwa wangapi. Swali linalopaswa kutangulia ni: mtu huyu anakula wapi, na nikimkatalia jambo atapoteza nini?

Hebu tupige hesabu. Mshindi wa marathoni ya Chicago mwaka 2024 alitunukiwa dola 100,000. Serikali ya Marekani hukata asilimia 30 kutoka kwa mapato ya mwanamichezo mgeni, yaani dola 30,000. Wakala kwa kawaida huchukua asilimia 15, yaani dola 15,000. Tuseme kocha amepatana na mkimbiaji asilimia 10. Hizo ni dola 10,000. Mkimbiaji anarudi nyumbani na dola 45,000, kabla ya ndugu, kanisa na mkopo wa ploti. Fungu la kocha si kubwa kupita kiasi ukikumbuka miaka aliyotoa. Tatizo halimo katika ukubwa wa fungu. Limo katika wakati fungu hilo linapopatikana, maana kocha huyo hana mshahara wa Januari wala wa Februari. Ana wakimbiaji ishirini, na hali kitu mpaka mmoja wao ashinde.

Mtu aliye katika hali hiyo, hata awe mwema, husukumwa upande mmoja. Mkimbiaji mwenye maumivu ya goti akialikwa kwenye mbio za barabarani za Ulaya, kocha wa fungu ana sababu ya kusema nenda. Mwenye mbio mbili za marathoni kwa mwaka akipewa nafasi ya tatu, kocha wa fungu ana sababu ya kusema chukua. Na akitokea mtu wa duka la dawa anayeahidi kwamba sekunde thelathini zitapatikana kwa sindano moja, kocha wa fungu ana sababu ya kugeuza uso. Akishinda, wanagawana. Akivunjika au akikamatwa, kocha amebakiwa na kumi na tisa. Mkimbiaji ana miguu miwili tu.

Kuna upande wa makocha pia, nao una haki ya kusikizwa. Wapo waliomlisha kijana kwa miaka minne, wakamnunulia viatu, wakamlaza sebuleni, na siku aliposhinda mbio zake za kwanza za ng'ambo akahamia kambi ya Wazungu bila hata kuaga. Wapo waliozeeka na saa ya kupimia mkononi na hawana bima ya afya. Mtu asiyeweza kulipa ada ya kila mwezi atalipaje kama si kwa fungu la mavuno? Siwezi kuwalaumu kwa kuchukua asilimia. Ninachokilaumu ni kwamba asilimia hiyo haiandikwi. Karatasi moja yenye sahihi mbili, inayosema fungu ni kiasi gani, ni la mbio zipi, litakoma lini, na nani analipa daktari, ingemlinda kocha mzee kama inavyomlinda kijana. Katika biashara ya maziwa hapo hapo Elgeyo-Marakwet hakuna mkulima anayepeleka lita kumi bila kuandikiwa. Miguu ya binadamu hupelekwa bila risiti.

Kocha anayesema "hapana" hujulikana mapema. Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyemfunza Kelvin Kiptum, aliwaambia wanahabari waziwazi kwamba mwanafunzi wake alikuwa akikimbia kilomita zaidi ya 250 kwa wiki, wakati mwingine zikizidi 300, kwamba mwendo huo ungeweza kumvunja, na kwamba amemshauri apunguze ila hataki. Hayo hayakuwa maneno ya kuuza jina. Kiptum alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 Chicago, Oktoba 8, 2023, na kocha mwingine angetumia nafasi hiyo kujigamba. Wawili hao walifariki pamoja katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat usiku wa Februari 11, 2024. Nchi ilimlilia mkimbiaji, na ilistahili. Mkufunzi aliyekuwa na ujasiri wa kukiri hadharani kwamba ana hofu hakupata machozi ya kutosha.

Njia nyingine ya kumtambua kocha mwema ni kuona kama anapenda kukaguliwa. Kabla ya marathoni ya Berlin ya Septemba 2025, Sabastian Sawe, anayefunzwa na Mwitaliano Claudio Berardelli, na wale wanaomsimamia waliiomba AIU impime zaidi ya kawaida, gharama zikilipwa na kampuni ya viatu ya adidas. Katika muda wa miezi miwili alipimwa zaidi ya mara 20. Akashinda kwa saa 2:02:16. Sidai kwamba kila kundi linaweza kumudu jambo hilo. Lakini kocha wa kijijini anaweza kumudu toleo lake dogo: kumwambia mkimbiaji aandike kila tembe anayokunywa, kumpeleka hospitalini badala ya dukani, na kutokasirika anapoulizwa kilichomo ndani ya chupa.

Sheria nayo ina meno ambayo vijana wengi hawajaambiwa. Tangu Januari 2015 kanuni za Shirika la Kupambana na Dawa za Kututumua Misuli Duniani (WADA) zinamkataza mwanamichezo kushirikiana kikazi na kocha, daktari au msaidizi mwingine anayetumikia marufuku. Kufunzwa naye tu, hata bila kumeza chochote, kunaweza kumletea mkimbiaji adhabu. Majina ya waliofungiwa yanapatikana mtandaoni, na AIU huchapisha yale ya riadha. Simu ya kijana yeyote wa Iten inaweza kuyafungua kwa dakika mbili. Inasikitisha kwamba kijana huyo huyo hutazama video za mbio usiku kucha asifungue ukurasa huo hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia upo.

Na haitoshi kudhani kwamba kocha aliyeteuliwa na taifa amekwisha kuchujwa. Katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, Kenya ilimrudisha nyumbani kocha mmoja aliyedaiwa kujitambulisha kwa wapimaji kama mwanariadha, na ofisa mwingine wa kikosi akaja kufungiwa miaka kumi na shirikisho la dunia baada ya kunaswa na waandishi wa habari wa kichinichini. Mwaka huo huo WADA ilikuwa imeitangaza nchi yetu kuwa isiyofuata kanuni, na Bunge likalazimika kurekebisha sheria ya kupambana na dawa hizo. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali iliahidi kutoa dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kuepusha nchi nzima kufungiwa. Pesa hizo zimeelekezwa katika upimaji, uchunguzi na elimu. Vipimo, hata viwe vingi namna gani, humkuta mkimbiaji akiwa tayari amekwisha kumpata kocha.

Sehemu nzito zaidi ya suala hili inawahusu wasichana. Wote wanaoifahamu riadha ya Bonde la Ufa wanaujua utaratibu huu. Msichana wa miaka 17 au 18 anaanza kukimbia vizuri. Anatokea mwanamume anayejitolea kumwongoza kasi mazoezini. Baada ya miezi, mwongozaji anakuwa kocha. Baada ya mwaka, kocha anakuwa mume. Fedha za kwanza zikija, mume anakuwa msimamizi wa akaunti na mwenye jina kwenye hati ya shamba. Mtu mmoja ameshika saa, kitanda, benki na ploti. Msichana akitaka kumfuta kazi kocha, itabidi avunje ndoa. Akitaka kuvunja ndoa, itabidi apoteze nyumba.

Si ndoa zote za namna hiyo zilizo mbaya. Baadhi zimedumu na kuzaa mabingwa. Lakini Oktoba 13, 2021, Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015 na mshindi wa medali za shaba za mita 10,000, alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu aweke rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30:01. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana shtaka. Wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwapa wanawake mahali pa kukimbilia. Yapasa tuliseme wazi jambo hili: mwanamume anayetaka kumfunza msichana asiwe ndiye anayetunza fedha zake. Mzazi anayemtuma binti yake kambini na aliulize swali hili mbele ya kocha mwenyewe, tena mbele ya shahidi. Kocha mwema hatachukizwa. Akichukizwa, mzazi amepata jibu kabla ya kulipa nauli.

Wasomaji wa mijini wasidhani kwamba haya ni ya wana wa Bonde la Ufa peke yao. Siku hizi karani wa benki, mwalimu na wakili wa Nairobi au Mombasa nao wanatafuta makocha. Baadhi wanataka kumaliza kilomita 42 za Nairobi au zile za Lewa. Wengine wamevutiwa na trayathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati. Ulianza katika Olimpiki jijini Sydney mwaka 2000: mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli, kilomita 10 kwa miguu. Ile ndefu ya Ironman ni kilomita 3.8, kisha 180, kisha marathoni nzima. Mtu wa miaka 45 anayekaa kitini saa tisa kwa siku hawezi kujipeleka huko kwa kusoma tu.

Hapa mshahara wa kocha hulipwa kwa mwezi, kwa hiyo mtego wa fungu haupo. Upo mtego mwingine. Mpwa wangu, mtu wa benki, alimlipa kocha wa simu kwa miezi mitatu. Kila Jumapili alitumiwa programu kwa WhatsApp, imepangwa vizuri, ina rangi. Wiki ya tisa mfupa wa muundi ulipata ufa. Alipoifungua tena programu ile akiwa na mguu kwenye kiti, aliona chini kabisa ya ukurasa jina la mtu mwingine, ambalo kocha alisahau kulifuta. Mazoezi hayo yalikuwa yameandikiwa kijana wa kilo 58 anayelala kila mchana. Mpwa wangu ana kilo 91 na watoto watatu.

Kocha wa mtu wa kawaida na apimwe kwa maswali anayouliza yeye, kabla ya yale anayoulizwa. Akianza na mbio unazotaka kushiriki, ana haraka. Akianza na shinikizo lako la damu, saa unazolala, ugonjwa uliowahi kukulaza, na nani atabaki na watoto Jumamosi asubuhi, huyo anaijua kazi yake. Kwa trayathloni ongeza swali moja la lazima: ana ujuzi wa kumwokoa mtu majini? Uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu vifo vya mchezo huo umeonyesha kwamba vingi hutokea wakati wa kuogelea. Nchini kwetu, ambako wengi hujifunza kuogelea ukubwani katika bwawa la hoteli, kuingia baharini au ziwani na kocha ambaye mwenyewe hubaki ufukweni ni kujitafutia balaa.

Na tusisahau kwamba mfano bora wa ukufunzi wa mtu mmoja kwa mmoja tuliowahi kuutoa nje ya riadha ulitoka karibu na Kikuyu. Miaka ya 1990 mama mmoja Mzungu wa Nairobi alimpeleka mwanawe kwa David Kinjah, mwendeshaji baiskeli mwenye nywele za rasta, katika kijiji cha Mai-a-Ihii. Kijana alifunzwa pamoja na watoto wa kijiji, akatengeneza baiskeli yake kwa mikono yake, akala walichokula. Jina lake ni Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, chini ya bendera ya Uingereza. Kinjah alibaki kijijini na watoto wengine. Lingekuwa jambo la haki kama sheria zetu za michezo zingempa mkufunzi wa aina hiyo, anayemkuta mtoto kabla dunia haijamwona, fungu lililoandikwa ambalo halitegemei ukarimu wa mtu.

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilitupa Msajili wa Michezo, Chuo cha Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Shirikisho la Riadha Nchini (AK) lina matawi mashinani na huendesha mafunzo ya makocha. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni kitu ambacho hakihitaji dola milioni 5: orodha ya hadharani ya makocha, kaunti kwa kaunti, yenye jina, kiwango cha mafunzo, kambi anakofanyia kazi, na kama amewahi kufungiwa. Mwuza dawa ana cheti ukutani, dereva wa matatu ana kitambulisho cha kazi. Mtu anayekabidhiwa mtoto wa miaka 17 kwa miaka kumi hana hata namba.

Orodha hiyo iende na mkataba wa ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa Kiswahili, ambao kijana anaweza kuusoma mwenyewe na kuupeleka kwa chifu ashuhudie. AK iukabidhi kwa matawi yake kabla ya msimu wa mbio za nyika, kwa sababu msimu huo ndio unaowaleta vijana wapya milimani, na unapokwisha wengi wao huwa wamekwisha kumpata mtu wa kuwashikia saa.